Bahari Ambayo Madam Edith Aliisikia kwa Simu

Jachumbi mwenzangu, vuta kiti. Hii karatasi ya sherehe usiifanye ya kujipepea kabla hujaisoma, joto la Homa Bay litakungoja tu. Ijumaa hii, tarehe thelathini na moja Oktoba, Madam Edith Robi anatoka kazini baada ya miaka ishirini na tatu. Kwa barua ya kazi anaitwa Msimamizi Mkuu wa Mzunguko na Usafishaji wa Maji. Kwetu ni Madam tu, na mtu akisema "Madam amekataa," hakuna mwenye huuliza ni Madam gani.

Kama wewe ni mgeni, umeletwa na shemeji yako na hujui tunaongea nini, Nyumba ya Bahari ni hili jengo uko ndani yake sasa hivi. Ukuta wa glasi mbele yako umebeba maji ya chumvi lita laki tatu, na humo ndani samaki wa baharini wanaogelea kama watu waliozaliwa hapa karibu na stendi. Nje ya dirisha kuna ziwa, maji matamu mpaka macho yachoke, na ukiwatupa samaki wetu huko hawamalizi siku. Kwa hivyo kila tone unaloliona limetengenezwa. Ni mvua ya mabati yetu, ikachujwa, ikachanganywa na chumvi ya magunia, ikapimwa, ikapimwa tena. Ndiyo maana mji unatuita jochumbi, watu wa chumvi. Aliyetuletea hiyo chumvi ndiye tunamuaga.

Na kitu cha kwanza ujue juu yake, kabla hata ya vyeti, ni kwamba Madam Edith hajawahi kuona bahari.

Alizaliwa Ogwedhi, kule mpakani na Narok, mahali siku ya soko ng'ombe ni wengi kuliko watu na maji ya kunywa hufika kwa mgongo wa punda. Alisomea mambo ya maji chuoni, akaajiriwa Migori kulaza paipu za mji, na miaka hiyo mtu angemuamsha usingizini akamuuliza koki ya mtaa fulani iko wapi, angejibu bila kufungua macho. Mwaka wa 2002 chama cha walimu wastaafu wa hapa Homa Bay kikaamua kwamba watoto wa huku nao wana haki ya kuona samaki wa baharini bila kulala ndani ya basi. Wakaita watu kwa interviu. Wakamuuliza Madam kama ashawahi kuona bahari.

"Hapana," akasema. "Lakini nimeona paipu kubwa ya Migori ikipasuka siku ya soko, na ni mimi niliifunga."

Walimu walicheka, wakampa kazi. Wiki hiyo hiyo ndiyo aliajiriwa Marion wetu wa getini, na Madam alimwambia Marion kwamba mwezi ujao atapanda basi aende Mombasa, aiangalie bahari vizuri, halafu arudi aijenge. Mwezi ujao ulifika ukiwa na lori la mawe, lori la saruji, na mbuzi wa jirani ndani ya shimo la tanki. Mombasa ikasogezwa mbele.

Plani ya kwanza ilichorwa na Injinia Cephas Omanga. Huyu ni mtu wa Rodi Kopany aliyeenda pwani akiwa na masharubu ya kwanza, akakaa huko maisha yake yote akitunza matanki ya samaki. Chama kilimwomba arudi nyumbani mwaka mmoja tu atusaidie kuanza. Akaja na michoro imekunjwa ndani ya paipu ya plastiki na hadithi za bahari zisizoisha. Akianza kuongea juu ya maji kupwa na kujaa, Madam anaacha kijiko kwa chai, hakorogi.

Sasa elewa hii kazi, kwa sababu ndiyo Madam mwenyewe. Kupanga maji ya tanki kubwa si kuweka pampu na kuomba Mungu. Maji yanatoka juu kwa mdomo mpana wa kufurikia, mengine yanatoka chini kwa mashimo ya sakafu, na yote yanashuka yenyewe mpaka chumba cha chini. Huko yanapita kwa mchanga, uchafu mkubwa unabaki. Yanaingia mnara wa povu, ambapo hewa inapigwa ndani mpaka ule uchafu usioonekana kwa macho unashikwa na povu na kumwagika kando, rangi yake kama chai ya jana. Halafu yanaanguka kama mvua juu ya vipande vya plastiki ambapo wanaishi bakteria, wafanyakazi wetu ambao hawajawahi kugoma, wanaokula sumu inayotoka kwa mkojo wa samaki. Ndipo pampu inayarudisha juu. Hapo umepata usafi. Bado mwendo, kwa sababu maji yakilala kona moja ndani ya tanki, hiyo kona inaoza na kuozesha zingine.

Injinia alikuwa ameweka midomo yote ya kurudisha maji upande mmoja wa tanki. Kwa karatasi ilipendeza. Madam aliiangalia, akaangalia tanki lenyewe likiwa limejazwa maji matupu ya kujaribia, akatoka. Alienda ufuoni kwa Nashon, mvuvi anayekata maboya ya nyavu kutoka kwa pata pata kuukuu, zile ndala za mpira. Alirudi na mfuko mzima wa vipande vya pata pata, bluu, manjano na pinki, na kila kipande kimedungwa msumari mdogo ili kisielee sana wala kisizame. Akavimwaga ndani.

"Hii ni nini sasa, Edith?" Injinia akauliza.

"Tunauliza maji yanaenda wapi."

"Yanaenda mahali nimeyachorea."

"Basi si tukae tuyaone."

Walivuta viti. Vipande vilizunguka vizuri, Injinia akaanza kutabasamu, halafu kimoja kimoja vikaanza kuingia nyuma ya lile tao la mawe lililo ndani ya tanki na kukaa huko. Cha bluu kikaingia. Cha manjano kikafuata. Cha pinki kilipita, kikasita, kikarudi kinyumenyume kikaingia pia. Injinia alivua miwani, akapangusa, akavaa tena. "Huyo wa pinki ananichukia," akasema. Alichukua spana, akageuza midomo miwili itazame pembeni, na maji yakaanza kuzunguka tanki lote. Mpaka leo, kila tukihamisha mawe, lazima tumwage pata pata kwanza. Nashon bado ndiye anatukatia, na bado anamwita Madam "Nyar Ogwedhi," binti wa Ogwedhi, na bado anamuuliza kama hao samaki wake wameshajifunza Kijaluo.

Lakini usidhani Injinia alikuwa wa kushindwa kila siku. Madam alitoka kwa maji ya mji, alizoea paipu nyembamba na nguvu nyingi. Injinia akamwambia hapana, paipu nene, maji yatembee polepole, stima itapungua na kelele itaisha. Walibishana mpaka chai ikaweka ngozi. Madam aliweka mstari mmoja vile alitaka yeye, ukanguruma kama trekta ya miwa, na samaki wa kwanza kufika wakajibanza kona moja wasile. Ni yeye mwenyewe aliung'oa. Pia ni Injinia aliyelazimisha mashimo mawili ya sakafu badala ya moja, ili samaki akilalia moja asinyonywe. Madam akitembeza wageni, huwaambia hayo kabla hajataja pata pata.

Kilichobaki kilikuwa mawimbi. Samaki wa miamba hawapendi maji yanayopita njia moja tu kama watu wa kanisani wakitoka. Wanataka yaende, yarudi. Injinia alichora ndoo kubwa ya plastiki nzito, ikae juu ya tanki kwa mhimili, ijazwe polepole na koki moja. Ikijaa inapinduka yenyewe, inamwaga wimbi, inarudi kujazwa. Mwendo wote wa mawimbi uko kwa hiyo koki. Ukiifungua sana, mawimbi yanakimbizana kama watoto wa shule. Ukiibana sana, bahari inasinzia. Lakini uifungue kiasi gani? Mwaka wa Injinia ulikuwa umeisha, ameshapanda basi kurudi pwani, na Madam hakuwa na bahari nyingine ya kulinganisha.

Basi akampigia simu. Madam alikuwa kwa simu ya waya pale ofisini. Injinia akatoka nyumbani kwake, akateremka mpaka ufuoni, akainyoosha simu yake ya mkono kuelekea maji. Marion alikuwa mlangoni na anasimulia mpaka leo. Anasema kwa simu ilisikika kama mtu anapepeta mahindi nyumba ya tatu. Madam alifunga macho, akachukua kijiko, na kila wimbi likivunjika anagonga kikombe.

"Unaisikia?" Injinia akawa anauliza. "Edith, unaisikia?"

"Nyamaza, Injinia," Madam akamwambia. "Unaifunika."

Aliweka simu chini lakini kijiko hakukiweka. Alitoka ofisini akigonga, akapanda ngazi za juu ya tanki akigonga, Marion nyuma yake, wafanyakazi wa saruji wakimwangalia kama mtu amepatwa na kitu. Huko juu akampa Marion kikombe na kijiko, akamwambia aendelee hivyo hivyo, asiharakishe, asichelewe, hata kama mkono unamuuma. Halafu akashika koki. Akaigeuza kidogo. Akangoja. Akaigeuza tena, kidogo kuliko ya kwanza. Mpaka ndoo ikapinduka pamoja na kijiko, na wimbi lililofuata pamoja na kijiko, na lililofuata.

Kesho yake aliipaka ile koki rangi nyekundu. Tangu hapo hakuna mtu ameigeuza. Pampu zote zimebadilishwa. Glasi ya upande wa kulia imebadilishwa. Paa liliwahi kuchukuliwa na upepo wa ziwani likarudishwa. Koki nyekundu husafishwa kwa mswaki, mahali ilipo, kama jino.

Halafu tukafungua milango, na mji mzima ukaja, na ukaja na omena, wale dagaa wetu wa ziwani.

Hii hakuna plani ya pwani ingeiona mbele. Watu wa huku hawawezi kumtazama mgeni amekaa bila kula. Mama mmoja wa Rangwe, amefunga kitambaa cheupe cha kanisa, alisimama getini akamuuliza Marion: "Huyu ametoka Mombasa mpaka hapa. Mkamweka kwa glasi kila mtu amwangalie. Na hata chakula hamumpi? Nyinyi mlilelewa na nani?" Marion akapewa amri ya kukagua. "Nilikagua vikapu," anasema, "nikakagua mifuko, nikakagua mpaka mtoto mgongoni. Sikujua omena inaweza kukaa kwa kofia."

Mafuta ya omena yakatanda juu ya maji. Mnara wa povu na mafuta hawakai nyumba moja, ukakataa kutoa povu kabisa. Omena iliyobaki ikaozea chini, bakteria wakazidiwa, maji yakawa kama yale ya kuosha mchele, na samaki wakaanza kupanda juu wakitafuta hewa. Kuna waliokufa. Madam aliwazika nyuma ya jenereta mwenyewe, hakutaka wapelekwe kwa taka, na kwa wiki nzima akawa anakunywa chai tu.

Injinia akasema kwa simu: "Weka wavu juu, funga, maliza hiyo maneno."

"Watarusha juu ya wavu," Madam akamjibu. "Wewe umekaa huko mpaka umesahau watu wa kwenu."

Akaketi na plani akaiingiza omena ndani. Alirefusha mdomo wa kufurikia ukazunguka upande mzima wa tanki, mafuta yawe yanateleza nje kabla hayajashikana. Alikiongeza chumba cha bakteria kikawa mara mbili. Na akaanzisha Saa ya Mgeni. Kila alasiri omena inalowekwa, inaoshwa mafuta kwa maji ya moto, inawekwa kwa karai, na kila aliyelipa kiingilio anapewa mmoja, mmoja tu, amtupie mgeni kwa mkono wake. Yule mama wa Rangwe ndiye alikuwa wa kwanza. Alitupa wake, akangoja aliwe, akafunga mkoba. "Sasa naweza kwenda nyumbani," akasema.

Ukishuka chumba cha chini utaiona plani ukutani. Pale juu, mahali wataalamu huandika mzigo wa chakula, yaani chakula kinachoingia majini, kuna kisanduku amekijaza Madam kwa herufi kubwa: OMENA. Wageni wa kutoka nje wakija na kamera zao husimama hapo kwanza. Injinia naye alikuja siku moja kukiona. Alikiangalia, akapanda juu, akapanga foleni na watoto wa shule, akatupa omena yake.

Mengine ya kazi yake tutayataja haraka, maana chakula kiko njiani. Alijenga tanki la akiba juu ya paa, ili stima ikipotea maji yaendelee kuwateremkia bakteria bila pampu. Amefundisha kila mmoja wetu. Elvis alipoajiriwa aliona maji yamepungua kwa joto akaongeza maji ya chumvi, kosa ambalo karibu kila mpya hulifanya, kwa sababu jua huchukua maji na kuacha chumvi, na unatakiwa kuongeza maji matamu. Madam hakugomba. Alimpikia sukuma wiki, akaiacha ikauke hadi nusu, akaongeza maji ya chumvi, akamwekea sahani na kukaa mbele yake mpaka aimalize. Elvis siku hizi ndiye anakagua wengine.

Safari ya Mombasa nayo? Mara ya kwanza mfuko ulikuwa umefungwa na yeye ameshafika stendi. Mawingu meusi yakatoka ziwani, radi ikapiga, stima ya mji wote ikaenda. Akashuka basini na mfuko wake, akarudi kukaa na lile tanki la akiba, aone kama litafanya alivyolipanga. Lilifanya. Mara ya pili alifiwa na mama yake, na likizo yote ikaenda Ogwedhi. Mara ya tatu korona ikafunga barabara. Baada ya hapo aliacha kuitaja. Mtu akitoka likizo ya pwani anasimulia, Madam anakumbuka kuna pampu ya kuangalia.

Lakini kila jioni kabla ya kufunga, alikuwa anasimama mbele ya glasi, paji la uso limeigusa, anangoja ndoo ipinduke. Glasi ina alama pale. Valary wa usafi huipangusa asubuhi, na asubuhi ya kesho iko tena.

Mwaka juzi alikuja mama wa kutoka pwani, Bi. Mwanasiti, aliyekuwa amemtembelea binti yake aliyeolewa Rongo. Alikaa kwa hili benchi la mbele na hakuangalia samaki hata mmoja. Alifumba macho. Ndoo ikapinduka, ikapinduka tena. Akamwita Madam kwa mkono.

"Mwanangu, hii sauti mmeitoa wapi?"

"Kwa simu," Madam akasema.

Bi. Mwanasiti alicheka, halafu akasema kwa sauti ya chini, "Ni kwetu hapa. Maji yakianza kutoka." Madam hakumuuliza kwetu wapi. Alivuta kiti akakaa kando yake, wote wawili wakiangalia mbele, mpaka binti akaja kumchukua mama yake.

Sasa, wiki mbili zilizopita, wakati wa chai, tulimpa Madam zawadi mapema: tiketi ya basi mpaka Nairobi na ya treni mpaka Mombasa. Marion alikuwa ameshika leso tayari kwa machozi ya furaha. Madam aliigeuza tiketi mbele na nyuma. Akasema asanteni sana. Akaiweka kwa mfuko wa ovaroli, akashuka chini kuosha mifuko ya kuchujia, na ilikuwa zamu ya mtu mwingine. Marion akamfuata.

"Madam, tumekosea?"

"Hamjakosea."

"Sasa mbona uko hivi?"

"Marion, hii yangu naijua. Najua inaanzia wapi na inaishia wapi, najua ikikohoa ni pampu gani. Nikienda nisimame mbele ya ile yenyewe, halafu nirudi hapa, hii itakuwa nini? Karai."

"Lakini Bi. Mwanasiti si alisema ni kwao?"

"Bi. Mwanasiti alikuwa na hamu ya kwao. Hata ungemgongea sufuria angesikia kwao. Mimi nikifika nipate sauti si ile? Miaka yote hii nimewadanganya samaki?"

 Marion alishika mfuko mmoja wa kuchujia akaanza kukamua.

Tiketi ikakaa kwa ovaroli. Ikaloa, ikakauka. Sisi huku juu tukaanza kunong'onezana kama tuirudishe ama tumnunulie sofa tu. Na Madam akawa anafanya mambo ya mtu anayeaga: anafundisha kitu ambacho ameshafundisha, anashika paipu akipita, anasimama kwa glasi mchana na jioni pia.

Halafu Jumanne iliyopita ujumbe ukaingia kwa simu yake akiwa chumba cha chini. Ulitoka kwa Injinia. Marion alikuwa amemweleza mambo ya tiketi, na hajajuta. Madam aliusoma kimya, akatafuta miwani, akausoma tena kwa sauti, juu ya kelele za pampu, mbele yetu sote:

"Edith, masikio yangu yamekwisha. Nakaa ufuoni naona bahari inafungua mdomo na kufunga, haisemi kitu. Kuna siku nilikusikilizisha. Njoo unisikilizie."

Alirudisha simu mfukoni. Aliangalia kipima chumvi, ambacho hakikuwa na shida yoyote. Akauliza, "Hiyo treni huwa inatoka saa ngapi?"

Kwa hivyo anaenda. Jumamosi, kesho ya hii sherehe, basi linamchukua, na Injinia atamngoja kituo cha treni akiwa amevaa shati jekundu, ili asipotee kwa watu, kama vile kuna mtu Madam angeshindwa kumtambua.

Jana alitupandisha wote juu ya tanki kukabidhi. Alitupa funguo, akatupa mswaki wa koki nyekundu. Akatueleza anachotaka, na ni kitu kimoja. Akifika ufuoni atapiga simu. Mmoja wetu asimame hapa chini ya ndoo, simu ainue juu, asiongee. Yeye kule atakuwa na simu sikio moja na bahari sikio lile lingine, na kiganja cha Injinia mkononi, anamgongea kila wimbi kwa kidole, la huku na la kule.

"Sauti zikifanana ni sawa," akasema. "Zisipofanana nitawaambia mgeuze kiasi gani, na mgeuze. Samaki wasikae na makosa yangu."

Tukaitikia ndiyo Madam. Hakuna aliyeiangalia koki.

Madam Edith, asante. Asante kwa paipu nene, kwa pata pata, kwa sukuma ya Elvis, kwa kuwapa watu wetu mahali pa kutupa omena yao. Wafanyakazi wote wa Nyumba ya Bahari tunakuombea miguu mizuri ya kutembea mchangani, upepo usiokusumbua kifua, na miaka mingi ya kuamka bila kusikiliza kama pampu inalia. Nyumba yako ya Ogwedhi ipate mvua ya kutosha. Ukirudi, hili benchi la mbele ni lako, hutalipa kiingilio, na omena yako tutakuwekea.

Na wewe jachumbi, ambaye umesoma mpaka hapa na chakula kimepita mara mbili, niambie. Uko juu ya tanki, chini ya ndoo. Simu iko kwa mkono mmoja. Mkono ule mwingine uko kwa koki nyekundu, na kila wimbi linalomwagika hapo ni lile aliloligonga kwa kikombe siku ile, na alilolingoja kila jioni mbele ya glasi, mahali paji lake la uso limeacha alama. Sauti yake inatoka pwani, na nyuma yake unaisikia bahari yenyewe, na anakwambia, polepole, geuza kidogo. Wewe ungefanya nini?